Profesa ananiita maabara, nyumbani wananihitaji ghalani

Dada, shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Kentucky. Nina miaka 22, ni wa kwanza kati ya watoto sita. Wazazi wetu walikimbia vita kule Fizi, Kivu ya Kusini, na mimi nilizaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma. Tulifika Marekani mwaka 2016. Sasa niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu cha jimbo, ninasoma baiolojia. Grini kadi ninayo.

Muhula huu nilichukua somo la mikrobiolojia, na sijui nikuelezeje kilichonipata. Tulipewa maji ya mto, tukaotesha bakteria kwenye visahani, halafu tukaweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa za kuua bakteria. Kesho yake wenzangu walikuta duara safi kuzunguka kila kipande, maana yake dawa imefanya kazi. Kwangu mimi vipande viwili havikuwa na duara kabisa. Bakteria walikuwa wameota hadi kwenye ukingo wa karatasi. Wengine walikusanya mabegi wakaondoka, mimi nikabaki kumuuliza profesa kwa nini. Akaniambia hicho ndicho anachokitafiti: usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwenye mito inayopita karibu na mashamba ya kuku. Tuliongea karibu saa nzima. Mwishoni akasema, "Njoo kiangazi ufanye kazi nami." Akanionyesha programu ya hapa chuoni inayoitwa McNair, ya kuwaandaa wanafunzi kwa utafiti na baadaye PhD. Fomu inafungwa mwisho wa Januari.

Nilipomwambia baba, alinyamaza kwanza. Kisha akasema: "Maliza hiyo digrii, uingie unesi, uanze kulipwa. Shule gani hii isiyo na mwisho? Na deni nani atalipa?" Simlaumu. Mgongo wake uliharibika kazini na hawezi tena kubeba vitu vizito. Mama yuko kiwanda cha kuku, shifti ya usiku. Mimi hufanya kazi ghalani Jumamosi na Jumapili, na kiangazi nafanya wiki nzima, dola 19 kwa saa. Nalipa nusu ya kodi ya nyumba. Hospitali, shule ya wadogo zangu, barua za serikali, mkalimani ni mimi.

Kuna mambo mengine yananisumbua. Fomu inauliza kama mimi ni wa kwanza katika familia kusoma chuo kikuu. Baba ana diploma ya serikali aliyoipata Uvira, na kambini alifundisha shule ya msingi. Je, hiyo inaniharibia? Halafu mwaka wa kwanza nilipata C ya kemia, na wastani wangu ni 3.1 kati ya 4. Fomu pia inasema programu ni ya "makundi yasiyowakilishwa vya kutosha," na mwenzangu mmoja darasani alisema nafasi hizo ni za kuhurumiwa. Neno hilo limeniingia. Na mwisho wanataka insha kuhusu maisha yangu. Kila mtu ananiambia niandike kambi, njaa, vita, kwamba hayo ndiyo yatanipitisha. Mimi sitaki kuuza maisha ya wazazi wangu ili nipate nafasi.

Nifanye nini, dada?

Mtoto wa Kwanza, Kentucky

*

Marahaba, mdogo wangu.

Jaza fomu. Nimesoma barua yako mara kadhaa na kila mara nimefika hapo hapo, kwa hiyo nalisema mapema ili yanayofuata uyasome ukijua nimesimama wapi.

Tazama ulivyoandika. Unesi umeutaja mara moja, na hata hapo ni maneno ya baba. Bakteria umewapa aya nzima, pamoja na ukingo wa karatasi na wenzako waliokusanya mabegi. Unesi ni kazi ya heshima, na jamii yetu huku inawahitaji sana manesi wanaojua Kiswahili. Ungeniambia ndiyo ndoto yako, ningekujibu barua nyingine kabisa. Lakini aliyebaki darasani kuuliza kwa nini dawa imeshindwa ni wewe, wala hakuna aliyekutuma.

Tuanze na fedha, kwa sababu swali la baba ni la fedha na anastahili jibu la fedha. Kwa wengi wetu, shule maana yake ni ada, na shule ndefu maana yake ni deni refu. Kwa PhD za sayansi za maabara hapa Marekani haiko hivyo. Mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida halipi ada. Chuo kinamfutia, kinampa posho ya kujikimu na mara nyingi bima ya afya, naye anafundisha madarasa ya wanafunzi wa chini au anafanya utafiti kwenye maabara ya msimamizi wake. Inachukua miaka 5 au 6, na unaweza kuingia moja kwa moja ukitoka shahada ya kwanza bila kupita uzamili. Upo pia ufadhili wa Shirika la Taifa la Sayansi, NSF, ambao humlipa mtafiti mwanafunzi dola 37,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, na mwenye grini kadi anaruhusiwa kuuomba. Mtego wa deni uko kwenye uzamili wa kujilipia. Huko vijana wetu wengi huingia wakidhani ni ngazi ya lazima. Chuo kikikupokea kwa PhD ya mikrobiolojia halafu kikakuambia ujilipie, usiende.

Umwambie baba na upande wa pili pia, maana ukimpamba utamkosea. Posho hiyo ni ndogo. Nesi aliyesajiliwa atakuzidi kipato kwa miaka yote hiyo. Na ukimaliza hakuna aliyekuahidi kiti cha uprofesa, kwani wenye PhD ni wengi kuliko viti. Wengi huenda kwenye kampuni za dawa, maabara za afya ya umma za majimbo, taasisi za serikali, na huko ndiko mshahara unapopanda. Baba akiisikia habari nzima, pamoja na isiyopendeza, atajua hujaja kumbembeleza.

Kuhusu diploma ya serikali, ondoa wasiwasi. Ile ni cheti cha kumaliza sekondari nchini Kongo. Fomu inachouliza ni kama mzazi unayeishi naye na anayekutegemeza ana shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Baba hana, na bila shaka mama hana, kwa hiyo wewe ni kizazi cha kwanza na utajibu hivyo bila kusita. (Wasomaji wengine ambao mzazi alisoma miaka mitatu ya chuo cha ualimu Kongo wasijikatae wenyewe. Wapeleke vyeti ofisi ya programu, waulize.) Sheria ya McNair inataka angalau theluthi mbili ya wanafunzi wawe kizazi cha kwanza na pia watoke familia zenye kipato kidogo, yaani kisichozidi asilimia 150 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali. Familia ya watu wanane inayotegemea mshahara wa kiwandani na wa ghalani haikosi kuwa karibu na kiwango hicho. Tafuta fomu za kodi za mwaka uliopita sasa hivi, usisubiri Januari. Nimeona vijana wakikosa nafasi kwa sababu karatasi ya kodi ilikuwa kwa mjomba jimbo lingine.

Sasa hesabu ya kiangazi, ambayo nadhani ndiyo inayokunyima usingizi. Ghalani, saa 40 kwa wiki kwa wiki 10, unapata dola 7,600 kabla ya makato. McNair, kwa sheria, posho yake haizidi dola 2,800 kwa mwaka, ingawa chuo kinaweza kuongeza chumba, chakula na nauli. Pengo ni dola 4,800, na kodi ya nyumba hailipwi kwa ndoto. Lakini ukibaki na zile shifti za Jumamosi na Jumapili, saa 16 kwa wiki, unaingiza dola 3,040. Jumlisha na posho, pengo linashuka hadi dola 1,760. Kabla ya kupiga hesabu hiyo, uliza ofisi ya programu kama wanakubali mwanafunzi awe na kazi nyingine kiangazi, kwa sababu baadhi hukataza. Wakikataza, waeleze hali ya nyumbani waziwazi na uulize kuhusu fedha za dharura za chuo. Vyuo vingi vinazo, na zinapita kimyakimya kwa wanaoziuliza tu. Muulize pia profesa kama ana fedha ya ziada kwenye ruzuku yake ya utafiti, au kama unaweza kufanya kazi maabara wakati wa muhula kwa mpango wa serikali wa ajira za wanafunzi. Fomu yako ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa fedha za masomo, itaonyesha kama unastahili. Dola utakazopata maabara Februari zinaweza kuwekwa zikasaidia kodi ya Julai.

Halafu kuna wadogo zako. Wewe ni wa kwanza kati ya sita. Kama anayekufuata ametimiza miaka 16, kiangazi hiki anaweza kufanya kazi ya muda na kuchangia. Jambo hilo mlizungumze mezani na wazazi. Usilibebe peke yako kichwani. Sisi wazaliwa wa kwanza tuna tabia ya kuamua kwa niaba ya nyumba nzima kwamba hakuna mwingine anayeweza kusaidia.

Na huu ukalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya shirikisho, na karibu zote zinapokea, inatakiwa kumpa mgonjwa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Shule ya umma nayo inatakiwa kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa. Mama akipiga simu kupanga miadi aseme maneno mawili tu ya Kiingereza, "Swahili interpreter," na asikubali kujibiwa kwamba aje na mtoto wake. Mkalimani wa simu anajua maneno ya tiba kuliko wewe, na kuna mambo ya mwili wa mama ambayo binti hapaswi kuwa mtafsiri wake. Ukipunguza hilo peke yake, utashangaa umepata saa ngapi kwa wiki.

Nakuja kwenye neno lililokuingia, la kuhurumiwa. Nataka ujue jina lililo kwenye fomu hiyo ni la nani.

Ronald McNair alizaliwa mwaka 1950 katika mji mdogo wa Lake City, South Carolina, enzi ambazo Mweusi na Mzungu hawakuruhusiwa kuketi pamoja. Mwaka 1959, akiwa mtoto, alikwenda maktaba ya mji kuazima vitabu. Akaambiwa watu wa rangi yake hawaazimishwi. Hakuondoka. Aliketi pale pale, polisi wakaitwa, mama yake akaitwa, na mwisho akaondoka na vitabu vyake. Mtoto yule alisoma fizikia katika chuo cha Weusi cha North Carolina A&T, akapata PhD ya fizikia katika chuo cha MIT mwaka 1976 akiwa bingwa wa leza, akaenda angani mara ya kwanza mwaka 1984. Alikufa tarehe 28 Januari 1986, chombo cha Challenger kilipolipuka muda mfupi baada ya kuruka. Mwaka huo huo Bunge la Marekani liliweka kwenye sheria programu yenye jina lake, ili wanaotoka kwenye nyumba kama ile aliyotoka yeye wafike kwenye uzamivu.

Hapo huruma iko wapi? Mlango ulikuwa umefungwa kwa makusudi, kwa sheria na kwa polisi. Wanaouona utafiti kuwa jambo la kawaida ni wale ambao baba ni profesa au shangazi ni daktari, na tangu utotoni wanasikia mezani namna ya kuomba nafasi maabara, nani aandikwe barua, lini. Wewe hukusikia hayo mezani kwenu. McNair inakupa mazungumzo hayo. Kazi ya kuwaelewa hao bakteria itabaki kuwa yako, na bakteria hawaulizi umetoka kambi gani.

Ukitaka mfano wa karibu na fani yako, mtazame Kizzmekia Corbett. Akiwa bado sekondari alipata nafasi ya kiangazi ya kufanya kazi maabara kupitia mpango wa kuwasaidia wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo. Chuoni UMBC, Maryland, alikuwa katika programu ya Meyerhoff, iliyoanza mwaka 1988 kwa lengo hilo hilo la kuwaandaa wanafunzi Weusi kwa PhD za sayansi. Mwaka 2014 alipata PhD ya mikrobiolojia na imunolojia huko North Carolina. Miaka sita baadaye alikuwa miongoni mwa wanasayansi wakuu wa timu ya serikali iliyoshirikiana na kampuni ya Moderna kutengeneza chanjo ya korona. Mwenzako wa darasani huenda alichanjwa kwa kazi ya mtu aliyepita mlango anaouita wa huruma.

C ya kemia haifungi kitu. Inaeleweka kwa mtu aliyeingia chuo kikuu akifanya kazi wikendi nzima, na kamati za uchaguzi hutazama kama alama zimepanda. Kama unaweza, chukua kemia ya kaboni au baiokemia muhula ujao na uifanye vizuri. Hilo litaizungumzia ile C kuliko maelezo yoyote. Wastani wa 3.1 unaruhusu kuomba, ila uupandishe. Na ukweli ni kwamba kwa PhD, mwanafunzi wa 3.3 aliyekaa maabara mwaka mmoja na nusu mara nyingi humpita wa 3.9 ambaye hajawahi kushika pipeti nje ya darasa.

Nikueleze basi kinachofanyika huko maabara, maana wengi huingia wakitarajia ugunduzi kila Ijumaa. Wiki ya kwanza utasoma makala za kisayansi na hutaelewa nusu yake. Hakuna mwanafunzi anayeelewa zote mwanzoni. Soma ikisiri, kisha picha na majedwali, kisha hitimisho, halafu ndipo urudi mwanzo. Utakwenda mtoni kuchukua maji, utaotesha bakteria, na kuna asubuhi utakuta visahani vyote vimeota ukungu na kazi ya wiki imekufa. Andika hilo kwenye daftari la maabara: tarehe, joto la kiotesheo, ulichogusa, ulichosahau. Profesa mzuri hutazama daftari lako siku ya visahani vilivyoharibika kuliko siku ya ushindi. Uliza pale unapokwama. Ukikaa kimya siku tatu kwa kuogopa lafudhi yako, umepoteza siku tatu za maabara, na profesa atadhani unaelewa. Lafudhi wanazo watafiti kutoka China, Naijeria, India na Brazili, na hao ndio utakaowakuta kwenye vikao vya kila wiki.

Mwisho wa kiangazi utaandaa bango la matokeo na kusimama mbele yake ukieleza. Mlete baba siku hiyo. Mtu aliyefundisha watoto kambini anajua kumsikiliza mwanafunzi anayeelewa somo lake. Na kama matokeo yanaridhisha, kwa miaka mingi mwezi wa Novemba limekuwa likifanyika kongamano la ABRCMS, lililoandaliwa na Jumuiya ya Mikrobiolojia ya Marekani kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi za tiba na maisha kutoka makundi haya haya. Vyuo vya uzamivu hupeleka watu huko kutafuta wanafunzi. Mabango hukaguliwa, kadi hubadilishwa, na mara nyingi anayesimama mbele ya bango lako akiuliza maswali ya kuudhi ndiye baadaye atakayesoma maombi yako.

Usisubiri kiangazi kuanza. Mwandikie profesa wiki hii. Kwa Kiingereza chako mwenyewe, kifupi, namna hii: "Profesa, nakushukuru kwa muda ulionipa. Nimeamua kuomba McNair na ningependa kufanya utafiti nawe kiangazi. Je, naweza kuanza muhula wa Januari kwa saa 6 kwa wiki, kwa kuhesabiwa kama somo (credits) au kwa ajira ya wanafunzi? Naomba pia makala mbili za maabara yako nizisome likizo hii. Nafanya kazi wikendi, kwa hiyo siku zinazonifaa ni hizi." Basi. Usiombe radhi kwa kumsumbua. Alikuita mwenyewe.

Saa hizo za muhula ndizo zitakazokupa kitu kingine cha thamani: barua za mapendekezo. Maombi ya PhD hutaka tatu kwa kawaida. Mwalimu aliyekupa A lakini hakujui ataandika mistari miwili ya adabu, isiyosaidia. Profesa aliyekuona ukirudia jaribio lililoshindwa mara nne ataandika kurasa mbili. Mtafute na wa pili mapema, labda mwalimu wa baiokemia au takwimu. Nenda ofisini kwake saa zake za kupokea wanafunzi ukiwa na swali la kweli. Wa tatu anaweza kuwa mkurugenzi wa McNair mwenyewe.

Insha. Hapa niko upande wako kabisa. Hudaiwi machozi na mtu yeyote. Kambi ni maisha ya baba na mama kabla ya kuwa yako, na una haki ya kuyaacha nje. Insha ya utafiti inauliza mambo mengine: swali gani linakusumbua, umeshafanya nini kulijibu, kipi kilishindikana, unataka kufanya nini baadaye. Ungeweza kuanza na kisahani chako: "Katika sampuli yangu ya maji ya mto, dawa mbili hazikuwazuia bakteria kuota. Ninataka kujua kama usugu huo unatokana na dawa zinazotumika kwa mifugo, au ulikuwepo mtoni kabla." Msomaji wa kamati atakaa wima kwenye kiti. Ukipenda, weka aya moja ya ulikotoka kama inalieleza swali. Aliyekulia mahali ambapo maji ya bomba ni foleni na kuhara kwa watoto ni habari ya kila mvua ana sababu ya kujali dawa inaposhindwa, na hilo unaweza kulisema kwa mistari minne bila kumvua nguo mtu yeyote. Msomee mama aya hiyo kwa Kiswahili kabla hujaituma. Akisema itoe, itoe.

McNair ni fedha za serikali ya shirikisho, na fedha hizo siku hizi hazina uhakika kama zamani. Haipo kila chuo, na masharti hubadilika. Kwa hiyo usiweke matumaini yote kwenye fomu moja. Tafuta pia nafasi za utafiti za kiangazi za NSF ziitwazo REU. Zipo tangu mwaka 1987, huchukua wiki 8 hadi 10, hulipa posho, na nyingi hutoa makazi. Nyingi hufunga maombi kati ya Januari na Machi, na grini kadi inatosha. Shida yake kwako ni kwamba mara nyingi ni chuo cha mbali, na utaacha ghala na nyumba kwa muda wote huo. Na kwa kuwa mmekaa tangu 2016, angalieni pia suala la uraia, maana baadhi ya maabara za serikali huchukua raia tu.

Kuna njia nyingine ambayo naipenda kwa familia kama yenu, na naona haisemwi vya kutosha. Si lazima uingie PhD mwaka ule ule unaomaliza. Unaweza kuajiriwa kama msaidizi wa utafiti katika maabara ya chuo au hospitali kwa mwaka mmoja au miwili, kazi ya muda wote yenye mshahara na bima. Unasaidia kodi ya nyumba, mdogo wako anamaliza sekondari, na wewe unaomba PhD ukiwa na uzoefu mkubwa zaidi. Ukiamua kuomba ukiwa mwaka wa nne, ujue maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa Desemba, usaili huwa Januari hadi Machi na nauli hulipwa na chuo, na siku ya mwisho ya kujibu waliokupa nafasi yenye ufadhili ni tarehe 15 Aprili. Vyuo vingi husamehe ada ya maombi kwa wanafunzi wa McNair, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa hata dola moja.

Kwa baba, usimpelekee fomu iliyokwisha jazwa asaini. Chagua jioni ambayo mama hana shifti. Weka karatasi mbili mezani: hesabu ya kiangazi kama nilivyoipiga hapo juu, na ukurasa wa chuo chochote cha PhD ya mikrobiolojia unaoonyesha kwamba ada imefutwa na posho inalipwa. Mfasirie neno kwa neno. Muombe akupe kiangazi kimoja, na umwambie kitakachofanyika kodi ikipungua mwezi wa Julai, nani atajazia nini. Akikataa jioni hiyo, usibishane. Mwombe mzee mmoja anayemheshimu, kanisani au katika jumuiya yenu, akae naye. Baba aliyewahi kushika chaki atalielewa hili, ila anahitaji kulisikia kama mkuu wa nyumba anayeshauriwa kabla jambo halijaamuliwa.

Fomu za kodi, baruapepe kwa profesa, simu ya ofisi ya McNair kuhusu kazi za wikendi: hayo matatu yawe yamefanyika kabla ya mitihani yako ya mwisho wa muhula. Ukimaliza rasimu ya insha, nitumie niisome.

Dada yako